Risala ya Wasanii wa Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Mabaraza Mapya, Ng'ambo, Unguja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha,
Wazee wetu, akina mama, walimu na wanafunzi,
Mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uhai na uzima hata tukakutana alasiri hii chini ya mwembe huu. Tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu, tena ukafika saa ile ile uliyotuahidi. Tumelipokea hilo kuwa ni dalili njema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi. Kikundi kilianza na watu sita: wachoraji wawili, mchonga milango, mpiga fidla wa muziki wa kidumbak na akina mama wawili wasukaji wa ukili. Leo tuko 34. Kiwanja hiki ulichokikuta kimefagiwa kilikuwa jaa la taka, na usiku hakikupitika.

Tangu kuanza kwetu tumepata mafanikio makubwa ambayo tunathubutu kusema hayajaonekana katika mtaa mwengine wowote wa Ng'ambo. Tumejenga mabaraza matatu ya mawe na chokaa, tumepaka picha ukuta mzima wa nyuma ya skuli, na kila Jumamosi jioni kidumbak hupigwa hapa bila ya kiingilio. Katikati ya ukuta ule tumemchora Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi taarab kwa Kiswahili. Vijana wetu walikuwa wakilisikia jina lake tu. Sasa wanapita mbele ya uso wake wakienda darasani.

Kazi hii hatukuianza kwa rangi, tuliianza kwa kuuliza. Wazee walitueleza kwamba majumba ya Michenzani yalipojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, familia nyingi zilipata makaazi ya kisasa, lakini nyumba za udongo zilizobomolewa ziliondoka na baraza zao, na baraza ndiyo iliyokuwa ikiwakalisha jirani pamoja, wakapeana habari za mgonjwa na za harusi. Ndiyo maana tukajenga mabaraza kwanza, na picha zikafuata. Hata hizo picha wenye mtaa ndio waliozihukumu: mvuvi mmoja mstaafu aliwasimamisha wachoraji siku nzima kwa sababu ngalawa ilichorwa na mrengu, ule mti wa ubavuni unaoizuia isipinduke, upande mmoja tu. Ngalawa ikachorwa upya, na tangu siku hiyo mzee huyo hakosi hapa, na watoto wanajifunza kwake mafundo ya kamba. Akina mama nao walirudi kusukia ukili hapa nje, na palipo na macho ya akina mama, wavuta unga huhama wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo tunaomba utupe sikio katika jambo moja. Maji hatuna, taa hatuna na choo hatuna, lakini leo hatuviombi, kwa sababu mlango wa vyote hivyo ni mmoja: hati ya maandishi inayotambua kwamba kiwanja hiki ni cha matumizi ya jamii.

Tulipoomba kuungiwa umeme, tuliulizwa hati. Wahisani waliokuwa tayari kutujengea paa la kujikinga na mvua za masika, nao waliuliza hati, na tulipokosa cha kuwaonesha waliondoka kwa heshima na hawakurudi. Mwezi uliopita tuliamka tukakuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa, kimoja kikiwa hatua mbili kutoka baraza uliyoikalia. Tumeuliza kila tulipoweza kuuliza ni vya nani, na hadi leo hatujajibiwa.

Kwa heshima zote tunakujulisha kwamba ombi hili linasomwa kwa mara ya nne. Mgeni wetu wa mwanzo alituahidi hati ndani ya mwezi mmoja, tukapiga makofi. Wa pili alisema faili linashughulikiwa, na tulipolifuatilia tukaambiwa linatafutwa. Wa tatu alipiga picha mbele ya ukuta huu, akachukua risala yetu, na simu yake haikupokelewa tena. Hatuyasemi haya kwa kumlaumu mtu. Tunayasema kwa sababu watoto waliosimama hapa walizisikia ahadi zote tatu, na wamekwisha kuanza kutuuliza sisi.

Ng'ambo ya pili ya barabara, Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Ngome Kongwe imefunguliwa milango kwa wasanii, na tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 limewaleta huko wageni wa nchi nyingi. Bustani ya Forodhani ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, watu walijaa kila jioni, wenyeji kwa wageni. Tunafurahi kwa hayo, kwani ni mji wetu sote. Lakini huko sanaa ina pahala pake panapojulikana, na huku Ng'ambo, walikozaliwa wengi wa wapigaji na waimbaji hao, sanaa inakaa juu ya ardhi inayoweza kuchukuliwa asubuhi yoyote.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatukuombi ahadi. Tunakuomba, kabla hujapanda gari, ututajie mbele ya hadhara hii afisa tutakayekwenda kumuona na siku ya kwenda. Katika bahasha hii tunayokukabidhi mna ramani ya kiwanja, barua ya Mheshimiwa Sheha, saini za wakaazi, na nakala za risala tatu zilizotangulia. Maneno ya ombi hatukuyabadilisha. Katibu wetu atakuwa mlangoni mwa ofisi siku hiyo utakayoitaja, saa mbili kamili za asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.