Mets hawakukosea kumsajili Soto, walikosea hesabu ya warushaji

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wenu wa michezo makala iliyodai kwamba klabu ya besiboli ya New York Mets ilikosa hatua ya mtoano mwaka 2025 kwa sababu ilimwaga fedha kwa mchezaji mmoja. Nikiwa mkazi wa Queens, mtaa wenye uwanja wa klabu hiyo, na shabiki wake wa miaka mingi, naomba nafasi nieleze kwa nini naona lawama hiyo imemwangukia asiyestahili.

Ni kweli kwamba mkataba wa Juan Soto wa Desemba 2024, wa miaka 15 na dola milioni 765, ndio mkubwa kuliko wote katika historia ya mchezo huu. Hata hivyo, mpigaji aliyevusha uzio mipira 43 na kuiba besi (kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa) mara 38 katika msimu wake wa kwanza na timu hawezi kuitwa hasara. Kilichotuponza ni usajili wa warushaji (wale wanaowarushia mpira wapigaji wa timu pinzani), ambao ulifanyika majira yale yale ya baridi bila kelele nyingi.

Msimu wa kawaida una mechi 162, na kila mechi ina iningi tisa (vipindi ambamo kila timu hupata zamu moja ya kupiga), kwa hiyo kabla uongozi haujafikiria nani atapiga, unapaswa kujua ni mikono ya nani itakayorusha mipira katika iningi zinazokaribia 1,450. Mets walimchukua Frankie Montas kwa dola milioni 34 za miaka miwili, wakambakiza Sean Manaea kwa milioni 75 za miaka mitatu, na wakamtoa Clay Holmes katika kazi ya kumalizia mechi, aliyoifanya akiwa klabu ya Yankees, ili awe mrushaji wa kuanza. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kusajiliwa. Lakini kuwaweka wote watatu katika kikosi kimoja na mrushaji mwenzao Kodai Senga, ambaye majeraha yalimwachia mechi moja tu ya msimu wa kawaida mwaka 2024, kulihitaji bahati ambayo mpanga kikosi hapaswi kuiwekea matumaini. Montas aliumia Februari na Manaea akaumia ubavuni, wote kabla ligi haijaanza.

Tarehe 12 Juni nilikuwa Citi Field, uwanja wa Mets, mchana, tukicheza na Washington. Senga aliacha kilima chake cha kurushia akakimbilia besi ya kwanza, mlinzi wa besi hiyo Pete Alonso akamrushia mpira uliopaa mno, naye akaruka, akaudaka, akaikanyaga besi na kumtoa mkimbiaji, kisha akashika nyuma ya paja na kuanguka. Uwanja mzima ulinyamaza. Tulishinda siku hiyo, tukafikisha ushindi wa 45 dhidi ya vipigo 24, rekodi bora kuliko timu yoyote ya ligi. Katika mechi 93 zilizobaki tulishinda 38 tu. Agosti ilipofika nilikuwa nimezoea kuona mlango wa uzio wa kulia ukifunguliwa mapema na mrushaji wa akiba akitoka kufanya kazi ambayo aliyeanza ameshindwa kuimaliza, na watu hao hao wa akiba walichoka, kama ambavyo yeyote angechoka.

Siwezi kusema kwamba dawa ilikuwa kununua mrushaji ghali zaidi sokoni. Corbin Burnes alikwenda Arizona kwa dola milioni 210 na mwaka 2025 akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mkono wa mrushaji hauna dhamana, na ndiyo sababu wanahitajika wengi, wakiwemo vijana wa timu za chini. Nolan McLean alipandishwa katikati ya Agosti na mara moja akawa mrushaji wetu wa kutegemewa; nina hakika kabisa kwamba angeitwa Julai, nafasi ya mtoano isingetuponyoka, maana tuliikosa kwa tofauti ndogo mno. Tulimaliza tukiwa sawa na Cincinnati, ushindi 83 na vipigo 79, wao wakapita kwa sababu walitushinda mara nyingi zaidi tulipokutana. Siku ya mwisho, kule Miami, besi zote zikiwa na watu wetu, Alonso aliupiga mpira kwa nguvu ukaenda moja kwa moja mikononi mwa mlinzi. Tukafungwa nne bila.

Ombi langu kwa waandishi wenu ni kwamba wanapotuletea habari za usajili, pamoja na kiasi cha fedha watuandikie kila mrushaji aliyesajiliwa amerusha iningi ngapi katika misimu yake mitatu iliyopita.

Msomaji wenu,
Queens, New York