Shukrani kwa mama wa basi la Songea

Mama yangu shikamoo, jina lako sikuliuliza ila wewe ndo ulikaa na mimi siti moja kutoka Songea kwenda Dar, ukashukia Morogoro. Nilikua nimemaliza fom foo nipo tu nyumbani sina kazi sina mbele, nimepata nafasi VETA Chang'ombe kusoma umeme na moyoni nshajiambia mjini siwezi, tukifika Makambako ntashuka nigeuze. Wewe ukaniona nalia ukaniuliza mwanangu kuna msiba? Nikakwambia yote, hukunicheka, ukasema hata wanao walitoka nyumbani wanaogopa hivohivo.

Afu ukanielekeza kitu kwa kitu, kwamba basi linaishia Mbezi stendi ya Magufuli, mzigo nisimpe mtu, nipande daladala mpaka Kimara afu mwendokasi ya Gerezani, pale Chang'ombe sio mbali. Ukaniandikia kwenye karatasi kabisa na chapati zako ukaniachia, yani mtu hata hunijui!

Mama nimemaliza kozi, sasa hivi nafunga waya kwenye majumba ya watu na nyumbani natuma hela. Mungu akuweke sana mama yangu, asante mno.