Valencia si mji wa siku mbili

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya kutembea miji sita ya Hispania kwa siku kumi, na pale kwenye Valencia mmeandika siku mbili zinatosha, yaani mtu akaone yale majengo meupe ya msanifu Calatrava, ale paella, ule wali wa kwao, apande treni aondoke. Naomba nafasi kidogo nijibu, maana nimekaa mji huo wiki saba, mwanzo wa Aprili mpaka karibu mwisho wa Mei, na nilivyosoma hizo siku mbili roho imeniuma kweli.

Hata mimi nilianza hivyohivyo. Wiki ya kwanza natembea na listi kwenye simu, kanisa kuu, soko, La Lonja lile jengo la kale la wafanyabiashara wa hariri, piga picha, twende kwingine. Siku ya nane miguu imevimba sikuweza, nikashuka bustani ya Turia na chupa ya maji nikakaa chini ya mti toka asubuhi mpaka jua linapoa, na nahesabu safari yangu ilianzia hapo.

Bustani yenyewe ni mto usio na maji. Oktoba 1957 Turia ilifurika ikaua watu zaidi ya 80, serikali ya dikteta Franco ikaamua kuuhamisha mto, wakauchimbia njia mpya kusini, ule mkondo wa zamani ukabaki mtupu katikati ya mji na serikali ikataka kupitisha barabara kuu ya magari humo ndani. Wananchi wakagoma, na huo ni wakati wa udikteta jamani, watu wakasema mkondo wa Turia ni wetu na tunautaka wa kijani. Leo ni kama kilomita 9 za miti na njia za baiskeli na viwanja vya mpira, unapita chini ya madaraja ya mawe ya karne na karne yaliyojengwa kwa ajili ya maji, magari yako huko juu, wewe chini unasikia ndege.

Nikawa nakuta wazee walewale kila asubuhi kwenye benchi zilezile. Wiki ya tatu mmoja akaanza kunisalimia, ya nne akanisogezea nafasi nikae, Kihispania changu cha kuokoteza lakini tukaelewana. Ndiye aliyenieleza mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024, kwamba ile njia mpya ya mto iliukinga mji wenyewe, ila vitongoji vya ng'ambo ya pili kama Paiporta maji yaliingia mpaka ndani ya nyumba, mkoani wakafa watu zaidi ya 200, na siku zilizofuata watu wa mjini walivuka daraja kwa miguu, maelfu, mkononi mafagio na majembe ya kuzoa tope. Alipomaliza alikaa kimya muda mrefu na mimi nikanyamaza naye. Mgeni wa siku mbili nani atamwambia hayo?

Kwa upande wa kula niseme hivi, paella ni chakula cha mchana, saa nane au saa tisa, ukiona wanaiuza saa tatu usiku na picha mlangoni ujue ni ya wageni. Ya kwao inapikwa kwa kuku, sungura, maharage mabichi na yale maharage meupe makubwa, na wanachogombania mezani ni ukoko! Wao wanauita socarrat. Mama aliyenipangisha chumba kule mtaa wa Benimaclet alikuwa ananikwangulia wa kwangu kabisa. Halafu asubuhi kama saa nne kuna mkate uliojazwa, pembeni karanga na zeituni, watu wanakula taratibu kazi ikisubiri. Na horchata, kinywaji baridi cha maziwa ya chufa, zile punje tamu za chini ya udongo za jamii ya ndago, nenda ukainywe Alboraya zinakolimwa.

Na sikio letu sisi Waswahili linapata raha yake kule. Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna, limau ni limón, mpaka neno letu "hata" ndiyo hasta yao, maana kote yalitoka kwa Waarabu, na Waarabu walitawala Valencia mpaka 1238. Mifereji ya kumwagilia mashamba nayo ni urithi wa enzi hizo na bado inafanya kazi. Kila Alhamisi saa sita mchana nje ya kanisa kuu, mlango wa Mitume, wakulima wanane wenye majoho meusi wanakaa kwenye viti kuhukumu kesi za maji, kwa mdomo, hakuna wakili. Mhudumu wa baraza anataja mfereji mmoja mmoja kuuliza kama kuna mshtakiwa. Wiki nyingi hakuna, dakika chache wanainuka. Nilienda Alhamisi tano na sijaona kesi hata moja, na sikuchoka, kuona watu wanakuja kukaa tu ili haki iwepo ikihitajika kulinigusa sana.

Mchana kuanzia saa nane maduka mengi ya mtaani yanafungwa mpaka saa kumi na moja hivi, mwanzoni ilinikera, baadaye na mimi nalala. Jioni tramu mpaka baharini, napita Cabanyal, mtaa wa wavuvi wenye nyumba za vigae vya rangi, nao uliponea chupuchupu kubomolewa kupisha barabara, wakazi wakapambana miaka karibu ishirini wakashinda.

Viza ya matembezi ya Schengen, yaani ile ya nchi nyingi za Ulaya pamoja na Hispania, inaweza kukupa mpaka siku 90 ndani ya 180, kwa hiyo muda upo ukipewa. Ila tafadhali wasomaji, mkienda pangeni chumba kwenye nyumba ya mtu au hosteli iliyosajiliwa, siyo apatimenti za watalii zisizo na kibali, kodi zimepanda mpaka wenyeji wanahama mitaa yao, nimewasikia wakilalamika na wana haki.

Mhariri sisemi msichapishe safari za haraka, kuna watu likizo yao ni hiyo tu. Naomba tu mkiirudia makala muwape wasomaji na chaguo la mji mmoja kwa mwezi, hesabu ya tiketi za treni peke yake itawashangaza. Na kama lazima ziwe siku mbili, basi moja iwe Alhamisi, na saa sita mchana mtu awe pale mlango wa Mitume.

Msomaji wenu wa miaka mingi