Vipande vidogo vya msitu visidharauliwe

Mhariri,

Huku magharibi mwa Kenya nasikia kila mara kwamba kipande cha msitu kilichobaki kando ya mto hakina faida, heri kilimwe mahindi. Nawasihi wenzangu wasubiri kwanza.

Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ulaya na Amerika, kwetu kulikuwa na baridi na ukame. Baadaye hata Ziwa Victoria likakauka. Misitu ya mvua ikanywea, nyasi zikatawala. Haya tunayajua kwa sababu chavua, yaani ungaunga wa maua, za miti na nyasi zilizama katika matope ya maziwa, tabaka juu ya tabaka, na wataalamu huzichimbua na kuzichunguza kwa hadubini. Lakini miti haikuisha. Ilijibanza penye unyevu: mabondeni, kandokando ya mito, kwenye miteremko inayopata mvua. Mialoni ya Ulaya nayo ilijihifadhi Hispania, Italia na Balkani. Hali ilipotengemaa, miti ikaenea upya kutoka humo.

Huenea kwa kubebwa. Mtazameni hondohondo katika msitu wa Kakamega akimeza tunda la mti wa mutere, kisha akiruka na mbegu tumboni. Akitua kwenye shamba la miwa, mbegu hiyo itaota wapi? Kakamega na misitu ya Nandi imeshatenganishwa na mashamba. Kaunti zetu ziwekee mipaka vipande vilivyosalia, na kati ya kipande na kipande ipandwe miti ya asili, si mikaratusi.

Msomaji wako,
Kisumu