Barua kwa mwanangu, mweka hazina

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako tumeupata. Baba yako aliuliza cheo chenyewe ni kipi, nikamwambia mweka hazina wa tawi. Akaguna, akasema, "Basi usingizi umekwisha." Hongera, mama.

Ulipojiunga na Delta Sigma Theta, hicho chama cha udada cha wanawake weusi wa vyuo vya Marekani, mimi sikukuelewa. Wasichana wa chuo kulipa ada ili waitwane dada? Huku kwetu udada ni wa bure, na wakati mwingine unabebeshwa hata usiporidhia. Kisha nikakaa nikasoma habari zao. Walikianzisha wanafunzi 22 wa Chuo Kikuu cha Howard, Januari 1913, waliotoka chama kingine cha udada, Alpha Kappa Alpha, kwa sababu walitaka chama chao kijitose zaidi katika mambo ya umma. Tarehe 3 Machi mwaka huohuo walikuwa barabarani Washington wakidai kura ya wanawake, katika maandamano ambayo waandaaji wake walitaka wanawake weusi wakae nyuma. Wasichana wa rika lako! Tangu hapo sijasema neno kuhusu hizo nguo nyekundu na krimu, ingawa bei yake bado inanikera.

Sasa tuje kwenye kazi. Unajua nimekuwa kijumbe wa upatu hapa mtaani tangu ukiwa mdogo. Kijumbe hagombani na mtu asiyempenda. Huyo hulipa mapema ili asisikie sauti yako. Anayekutia majaribuni ni rafiki mnayekula sahani moja. Atakuja na tabasamu: "Niandikie nimelipa, Ijumaa nakuletea." Usimwandikie. Ukimhurumia, na una chako, mkopeshe cha mfukoni mwako akalipe, umpe risiti palepale. Huruma yako isiingie daftarini.

Pesa ya tawi isilale kwenye akaunti yako hata usiku mmoja. Malipo yapite kwa watu wawili. Na yule mshauri wenu kutoka tawi la wahitimu, mzoee sasa kabla hujawa na shida, maana mtu anayetafutwa siku ya shida tu huwa mkali.

Lakini linaloninyima raha ni jingine: hao wasichana wanaotaka kuingia. Mwaka 1990 vyama vya Wamarekani weusi katika baraza linaloviunganisha na chenu viliufuta ule utaratibu wa zamani wa kuwasotesha wanaoingia. Desemba 2024 Marekani ikaweka sheria inayovitaka vyuo vitangaze hadharani matukio ya mateso ya namna hiyo. Kwenye karatasi jambo hilo limekatazwa karibu kila mahali, na bado linafanyika gizani, na watu wamekufa.

Wewe utawaza kwamba hilo ni la rais wa tawi, halimhusu mtu wa hesabu. Linakuhusu sana. Mateso hayaanzi na fimbo kila mara. Mara nyingi huanza na chakula cha wakubwa anachonunua mgeni, mafuta ya gari la mtu, zawadi isiyo na jina. Pesa inatoka na haionekani katika kitabu chochote. Kwa hiyo ukimwona msichana ana kazi ya jioni, na kila akija kwako anaomba kuongezewa muda wa ada, usimwandikie tarehe mpya tu. Mkae faragha umuulize pesa yake inakwenda wapi. Akikwambia, peleka kwa mshauri na chuoni siku hiyohiyo. Watakuita msaliti wa madada. Waache wakuite. Hata kama anayetajwa ndiye aliyekupigia kampeni, na hapo ndipo patakuwa pagumu, najua.

Kuhusu masomo sisemi mengi. Udelta, unavyoniambia, ni wa maisha yote, na kuna matawi ya watu waliokwisha kuhitimu. Basi hauna haraka. Mtihani wa kemia ndio wenye tarehe.

Nilitaka kukuomba unitumie bajeti yenu niipitie, nimeghairi. Hiyo ni ya wanachama na mimi si mmoja wao. Jumla zikikataa kulingana, nipigie bila kunitajia majina, tutafute kosa pamoja. Usiku wako ni asubuhi yangu, nitakuwa macho.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako