Kwa Mwalimu Hamisi, kuhusu Mlango-bahari wa Bering

Ndugu yangu Mwalimu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeipata, nami nimesoma kwamba umewafundisha wanafunzi wako kuwa Mlango-bahari wa Bering unatenganisha Asia na Amerika. Kwenye ramani ni kweli, lakini ukiitazama historia yake utaona kwamba kwa muda mrefu zaidi mahali hapo palikuwa njia ya kupitia, na kufungwa kwake ni jambo la juzijuzi.

Anza na kina cha maji. Kati ya Rasi ya Dezhnev upande wa Siberia na Rasi ya Prince of Wales upande wa Alaska kuna kilomita 85 hivi, na sehemu kubwa ya bahari hiyo ina kina cha mita 30 hadi 50 tu. Katika zama za barafu, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda juu ya nchi kavu, usawa wa bahari ulishuka kwa mita zipatazo 120, na sakafu yote hiyo ikawa mbuga baridi yenye upana wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kusini hadi kaskazini, ambayo wataalamu huiita Beringia. Huko mamothi, yaani tembo wa kale wenye manyoya, na farasi walikula majani, na huko wakaishi mababu wa wenyeji wa kwanza wa Amerika, hadi bahari iliporudi miaka 11,000 hivi iliyopita. Hata ngamia, ambaye sisi tumezoea kumhesabu kuwa wa Arabuni, ukoo wake ulianzia Amerika ya Kaskazini, ukaingia Asia kwa njia ya huko katika zama za kale zaidi.

Maji yaliporudi, watu hawakuacha kuvuka. Wainupiati na Wayupiki, wenyeji wa pwani hizo, ambao ni wavuvi na wawindaji wa nyangumi na sili, walisafiri kwa mashua za ngozi wakati wa kiangazi, wakafanya biashara, wakaoana, na mara nyingine wakapigana.

Kuhusu jina la mlango-bahari huo, naona Dezhnev alidhulumiwa. Semyon Dezhnev, msafiri wa Kirusi, alipita hapo mwaka 1648, lakini taarifa yake ikalala katika mji wa Yakutsk huko Siberia bila kujulikana hadi mwaka 1736. Vitus Bering, Mdenmaki aliyetumikia jeshi la majini la Urusi, alipita mwaka 1728 na kwa sababu ya ukungu hakuiona Amerika kabisa; hata hivyo James Cook, nahodha wa Kiingereza, alipofika huko mwaka 1778, akalitumia jina la Bering, na ndilo lililobaki.

Mpaka wenyewe ulitokana na mauzo. Mwaka 1867 Urusi iliiuza Alaska kwa Marekani kwa dola milioni 7.2, na mstari ukapitishwa katikati ya visiwa viwili vya Diomede, vilivyo umbali wa kilomita 4 hivi: kikubwa kikabaki cha Urusi, kidogo kikawa cha Marekani. Mstari wa Tarehe, yaani ule unaotenganisha siku moja na nyingine duniani, nao unapita hapo hapo, kwa hiyo saa za visiwa hivyo zinapishana kwa saa 20 au 21, ingawa mtu wa kimoja anakiona kingine kwa macho. Pamoja na hayo, jamaa waliendelea kutembeleana hadi Vita Baridi ilipoanza. Mwaka 1948 mpaka ulifungwa, na wenyeji wa Diomede Kubwa wakahamishiwa bara la Siberia, mbali na ndugu zao.

Mwaka 1987 Mmarekani Lynne Cox aliogelea kutoka kisiwa kidogo hadi kikubwa kwa muda wa saa mbili na ushei, katika maji ya baridi kali, na Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, akamtaja kwa sifa alipokwenda Washington mwaka huo huo. Mwaka 1989 nchi hizo mbili zilikubaliana wenyeji wa pande zote mbili waruhusiwe kutembeleana bila viza. Ningekuomba uwafundishe wanafunzi mkataba huo pamoja na ule wa 1867, kwa kuwa vitabu vingi huishia kwenye mauzo.

Wasalaam,
Rafiki yako,
Juma