Kaka, Jeki bado anainuka akisikia gari

Kaka, shikamoo. Simu zangu hupokei, meseji unasoma unanyamaza, ndo maana nimeamua kukuandikia hapa mbele za watu. Nisamehe kwa hilo.

Tangu mzee aondoke nimebaki na mama na mbwa wetu Jeki, mama magoti, Jeki nyonga. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kila nikideki pale mlangoni naiona ile siku ya kuanua matanga. Gari lako limeingia getini, Jeki kalala sebuleni, kaujua mlio, kainua kifua, miguu ya mbele ikasimama, ya nyuma ikateleza kwenye marumaru akakaa chini, akajaribu tena ikateleza tena, na mkia unapiga sakafu muda wote, pa pa pa. We ukaja na begi lako ukamruka. Ulimruka, kaka. Hukuinama hata kumshika kichwa. Usiku mbele ya wajomba ukasema "mwiteni bwana mifugo amchome sindano afe huyo, mnamtesa tu".

Mnamtesa. Wakati we ndo ulimleta kwenye boksi la sabuni Krismasi ya 2013, akalia njia nzima kutoka Moshi, ukamlaza kwenye sweta lako na mama akakufokea.

Sasa ngoja nikwambie huyo anayeteswa anaishije. Daktari wa mifugo alipanda huku, akamkunja nyonga taratibu, akasema gegedu limelika, mfupa unasuguana na mfupa, haiponi hii ila anaweza kuishi nayo vizuri tu. La kwanza alilolisema ni uzito. Makande ya kumalizia sufuria nimeyapiga marufuku, mama analalamika namnyima, lakini kutoka kilo 38 saivi ana 32, ukimpapasa mbavu unazisikia, na ndo inavyotakiwa, maana huo mzigo wote ulikuwa unabebwa na zile nyonga. Analala ndani, kwenye godoro la zamani la mzee nimelikata nusu, baridi ya Julai ya hapa Marangu si unaijua. Asubuhi anaamka kakakamaa kama ubao, namkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, najaribu kwanza mkononi kwangu nisije nikamuunguza, afu tunatoka pole pole mpaka kwenye migomba tunarudi. Mchana tena, jioni tena. Fupi fupi ila kila siku, sio kumkimbiza mpaka barabara kubwa mara moja kama ulivyofanya Disemba ile akashinda siku mbili hanyanyuki. Kucha nazikata, zikirefuka ndo anateleza zaidi.

Na hayo marumaru. Ulisema nimegeuza nyumba stoo kwa sababu nimetandika vipande vya kapeti toka mlangoni mpaka jikoni. Kaka, marumaru ni mazuri, mzee aliyafurahia mno, kila mgeni alikuwa anaambiwa nani kayaweka. Lakini Jeki hawezi kusimama juu yake. Na mama naye hajateleza tena tangu nitandike, hilo hukuuliza.

Halafu ile diklofenaki, dawa ya maumivu ya mama. Ulisema kwenye simu "mpe ya mama, si ya magoti hiyohiyo". Nikampa nusu kidonge, siku mbili. Siku ya tatu anatapika, kinyesi cheusi kama lami. Kumbe diklofenaki na ibuprofeni zetu hizi mbwa zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Mi sikujua, na we hukujua, ila uliongea kama anayejua, na mi nimezoea kukusikiliza toka utoto. Sawa, mkono ulikuwa wangu. Daktari akamtundikia dripu, nikalala naye chini siku tatu. Nani mwingine angelala? Saivi anatumia meloksikamu ya maji, ya mbwa, daktari kampimia kwa uzito wake, nampa na chakula, na kila siku nachungulia kinyesi kama kina weusi. Ni hela, sikatai. Sijakuomba hata shilingi.

Siku ya hiyo sindano ikifika nitamwita daktari mwenyewe, tumeshaongea: akikataa kula, akishindwa kusimama hata nikimshika. Haijafika. Juzi kamfukuza kuku wa jirani hatua nne.

Nimewaza pia kwamba labda hukuweza kumuangalia Jeki kwa sababu ndani yake ulimuona mzee, alivyokuwa anajaribu kuinuka kitandani mwezi ule wa mwisho na we ulikuwa Dar. Kama ni hivyo niambie tu, kaka, mi sitakusema. Mi nilimuona kwa macho yangu kila asubuhi.

Disemba ukija, zima gari getini, usimwite jina, ukimwita anaharakisha anaanguka. Kaa pale kwenye ngazi. Inamchukua kama dakika mbili kukufikia. Msubiri.